Meza ya Suluhu

Saa sita kasoro dakika kumi mchana, mpelelezi ambaye kituo kizima kilimwita Kobe alikuwa amesimama katikati ya mgahawa uliofungwa, simu mkononi, akipanga viti kwa kufuatisha picha. Kiti hiki kidogo kushoto. Kile kirudi nyuma, aliyekikalia ana tumbo. Sajini wake, binti mwenye daftari kubwa na subira ndogo, alimwangalia akiizunguka meza mara ya tatu.

"Afande, kweli watakuja kula hapa?"

"Watakuja."

"Mahali alipofia mtu wao?"

"Hakufia hapa. Alikula hapa Jumamosi, akafia hospitali Alhamisi. Usinichanganyie faili."

Jina la Kobe alipewa na wenzake kwa sababu ya mwendo wake kazini, na waliompa walidhani utani huo utamuumiza. Wapi! Yeye aliwajibu kwamba hajawahi kusikia kobe kamgonga mtu. Lakini siku hiyo hata yeye alitazama saa. Mkuu wa kituo alikuwa amempa mpaka saa nane. Saa nane faili lingekwenda kwa mwanasheria wa serikali likiwa na mtuhumiwa mmoja, mwenye mgahawa huu, na kosa moja, kumuua kwa kukusudia mdogo wake wa tumbo moja.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanamke mmoja alikaa ughaibuni miaka sita, akifanya kazi katika majiko ya Wahispania, akaanza na kuosha masufuria, akamaliza na kofia ya mpishi. Alirudi na mkoba mmoja wa visu na ndoto moja. Akavunja ukuta kati ya sebule na chumba cha marehemu baba yake, akaweka meza saba, akafungua mgahawa wa tapas. Tapas si chakula kimoja. Ni vijisahani vingi vidogo vinavyowekwa katikati, huku kidogo kile kidogo, kila mtu anadonoa anachopenda. Hakuna sahani ya fulani. Na hapo ndipo upelelezi ulipokwama, maana kila aliyeulizwa nani alikula nini alijibu yaleyale: tulikula vyote, sote.

Mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa nyumba, hakufurahia kuona chumba cha baba kinageuzwa mahali pa wageni kujifutia midomo. Walizozana. Majirani watatu walikula kiapo kwamba walimsikia dada mtu akipaza sauti dirishani: "Unakuja kula kwangu, ukitoka unanisema! Kula tu, kitakutokea puani!" Maneno ambayo kila dada duniani amewahi kumwambia mdogo wake, lakini yakishaandikwa kwa wino wa polisi yanakuwa na sura nyingine.

Mama yao akachoka na ugomvi. Akawaita wote mchana wa Jumamosi, wakae meza moja, wale, wayamalize. Watu watano walikaa: mama, mpishi mwenyewe, mdogo wake, mke wa mdogo wake, na mjomba. Waliyamaliza kweli. Walikumbatiana mlangoni. Kesho yake jioni yule kijana akamwambia mkewe kwamba anaona taa mbili mahali penye moja. Jumatatu kope hazikunyanyuka, ulimi ukawa mzito. Jumanne mashine ikawa inamvutia pumzi. Alhamisi, hata mashine haikusaidia.

Maabara ilitoa jibu. Ilikuwa sumu inayozaliwa yenyewe na vijidudu ndani ya chakula kilichofungiwa pasipo hewa mahali penye joto, na hasa kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta kikakaa nje ya friji siku nyingi. Haina harufu. Haina ladha. Na jikoni, kwenye rafu iliyo juu ya oveni, nyuma ya masinia makubwa, Kobe mwenyewe ndiye aliyeitoa chupa ya kioo yenye mabaki ya kitunguu saumu na mafuta. Ilikuwa imejaa sumu hiyo. Chupa zote za jiko lile zilibandikwa karatasi ya tarehe. Hii ilikuwa na gundi tu, karatasi imebanduliwa.

"Umeona?" Mkuu alikuwa amemwambia asubuhi, akimpigapigia mezani daftari la masomo la mpishi. Ukurasa mmoja ulipigiwa mstari mwekundu mara mbili: *Kitunguu saumu ndani ya mafuta ni friji tu. Siku nne, tupa.* "Nani mwingine jikoni mle anajua sumu hii inavyotengenezwa? Yule mhudumu wake? Mama wa watu? Na mwenyewe unamuuliza, kimya. Asiye na hatia hanyamazi, Kobe."

Hilo la kunyamaza ndilo lililomsumbua Kobe. Mpishi alipokamatwa alilia, akauliza maswali, akataka kuitwa daktari aeleze. Kisha Kobe akaweka ile chupa mbele yake. Aliitazama muda mrefu. Akaomba maji, akanywa yote, akasema, "Andikeni mnachotaka." Tangu hapo, siku ya tisa leo, hakufungua kinywa.

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Karatasi ya oda ya Jumamosi ile, iliyochomekwa kwenye msumari jikoni, ilikuwa na sahani nane. Picha aliyopiga mke wa marehemu kwa simu yake, watu wote wakicheka, ilikuwa na tisa. Kibakuli cha udongo cha kitunguu saumu kilikuwa katikati ya meza, kama oda ilivyosema, na kingine kama hicho kilikuwa mbele ya marehemu. Hicho cha pili kilitoka wapi, hakuna aliyekiandikia maelezo. Ndiyo maana Kobe aliomba chakula kile kiandaliwe upya, na walewale wakae palepale. Mkuu alimwambia ni ukatili. Kobe alikubali kwamba ni ukatili, akasaini fomu.

Walifika pamoja. Mbele alikuja mjomba, mwenye tumbo, amevaa koti la msibani. Nyuma yake mjane, msichana mwembamba ambaye macho yalikuwa yamevimba hata hayakuonyesha rangi. Mwisho mama, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe kana kwamba giza limeingia. Alipofika katikati ya chumba alisimama.

"Baba mpelelezi," alisema, "mwanangu kule mahabusu amekula?"

"Chai amekunywa, mama."

"Na mkate?"

"Mkate aliuacha."

Mama akatikisa kichwa, akakaa. Mjane alikaa karibu na kiti kitupu cha mumewe, akakisogelea kidogo, kisha akakiachia nafasi yake. Kiti cha mpishi nacho kilikuwa kitupu. Watu watatu walikaa kwenye meza ya watano, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Kila kitu kimepikwa asubuhi hii, Sajini akiwa jikoni," Kobe aliwaambia. "Hakuna anayelazimishwa kumeza. Ninachoomba, fanyeni kama mlivyofanya siku ile. Mkono uende ulikokwenda. Basi."

"Wifi aniulie mume, halafu mimi nije niigize," alisema mjane, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza. "Haya. Leteni."

Mhudumu akatoka jikoni. Alikuwa mama wa makamo, mnene, na wateja walikuwa wamekwisha kumpa jina la Redio, kwa kuwa hazimwi. Hata leo alikuwa anaongea peke yake akija. "Zeituni hizi. Jibini hili. Kimanda cha viazi, angalieni ni cha moto. Hivi mimi nilizaliwa kuona haya? Pweza huyu. Pilipili za kuchoma. Kamba. Viazi vya mchuzi mwekundu. Na kitunguu saumu na mkate wake, katikati, kama siku ile. Nane. Nilileta nane, nimeshasema mara mia, mnihesabu na mimi mkitaka."

"Hukuleta cha tisa?" Kobe aliuliza.

"Naapa. Nani ataongeza sahani ambayo haijaagizwa? Dada mpishi angenikata kichwa. Yeye kila kitu kwake ni karatasi na tarehe. Ukichelewa kubandika tarehe kwenye chupa, anaitupa. Siku ya nne ikifika, anaitupa. Chakula kizima! Tulikuwa tunaumia roho, lakini jiko lake."

"Tulikuwa nani?"

"Sisi sote," alisema Redio, akafuta mikono yake mikavu kwenye aproni. "Mimi. Mama. Mama anakuja kila asubuhi kutusaidia kumenya."

Kobe hakuandika kitu. Alichukua kibakuli kitupu cha udongo kilichofanana na kile cha katikati, akakiweka mbele ya kiti cha marehemu, mahali palepale pa kwenye picha. Mjane alikiona, akageuza uso.

"Chakula kimefika," alisema Kobe. "Nani alianza?"

"Mimi," alisema mjomba. Hakuona aibu. "Mimi huanza popote. Nilichukua kimanda, hivi. Nikachukua kamba wawili. Mpwa wangu mpishi akacheka akasema, mjomba usiwamalize, wamekuja kwa ndege." Alicheka kidogo, kisha akakohoa. "Basi nikachukua mkate. Nikataka kuchovya kwenye mafuta ya saumu."

Mkono wake wenye kipande cha mkate ukapita juu ya meza. Haukwenda katikati. Ulikwenda kwenye kibakuli kitupu, mbele ya kiti cha marehemu, ukasimama hewani.

"Mbona umesimama?"

"Ah. Hapa nilipigwa mkono."

"Ulipigwa?"

"Nilizabwa kibao cha mkono, paa! Kama mtoto. Tukacheka wote."

"Na nani?"

"Na dada yangu huyu, nani mwingine ana mkono mwepesi?" Mjomba akamwangalia mama. "Akaniambia, chovya kile cha katikati, hiki si chako. Kwani sikuwaambia?"

"Uliniambia mlikula vyote."

"Si ndiyo tulikula vyote! Sasa mama kumtengea kitindamimba wake nayo ni habari ya kumwambia polisi?"

Kobe alikuwa amewahoji watu hawa kila mmoja mara tatu, akawauliza nani alimpa marehemu kitu, nani alimtilia kitu, na wote wakasema hakuna, kwa moyo safi. Maana mama kumwekea mwanawe cha kwake si kitu kinachoonekana. Kinafanyika kila siku mpaka jicho linaacha kukiona.

Alikivuta kiti, akakaa karibu na mama. Sauti aliyoitumia haikuwa ya kazini.

"Mama, kile kibakuli ulikileta wewe?"

"Ndiyo. Kilikuwa cha mwanangu."

"Kilitoka wapi?"

"Jikoni." Na hapo uso wake uliokuwa umekufa tangu aingie ukapata uhai kidogo, maana alikuwa anaulizwa kitu kizuri. "Mwanangu alikipenda kile kitu kuliko vyote hapa. Siku ya kwanza dada yake alipompikia, alilamba mpaka bakuli. Hata walipogombana, alikuwa anakuja anakula hicho tu, anaondoka bila kuaga. Sasa dada yake, Mungu amtunze, ana hizo tarehe zake. Jumatano moja nikamwona anamwaga chupa nzima kwenye ndoo ya taka. Ina harufu nzuri, haijaharibika hata kidogo! Nyingine akaiweka kando aimwage. Alipogeuka nikaichukua."

"Jumatano ipi, mama?"

"Ile ya wiki moja kabla ya wiki ya suluhu."

Sajini alikuwa anaandika. Kalamu yake ikaenda polepole, kisha ikasimama.

"Ukaiweka wapi?"

"Mwanzo niliirudisha friji, lakini friji ile inagandisha mafuta, yanakuwa meupe, mazito, utadhani yameoza. Mwanangu angeyatazama asingekula. Nikaiweka juu ya oveni, nyuma ya masinia, pale panapata joto. Ikakaa vizuri, mafuta yakawa safi, ya manjano, unaona mpaka chini."

"Siku zote hizo?"

"Siku kumi. Nilikuwa nasubiri siku watakayokaa pamoja."

"Na karatasi ya tarehe?"

"Niliibandua. Dada yake angeiona angeitupa tena." Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyemficha mtoto mmoja asichapwe na mwingine. "Mimi nimelea watoto wawili kwa njaa, baba. Sijui kutupa chakula. Siku ya suluhu nikamimina vyote kwenye kibakuli, nikamwekea. Wengine wakala cha katikati, kile kipya. Yeye nikamwekea kingi, cha kwake. Akanishika mkono, akasema..."

Aliwaangalia. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Redio, ambaye hazimwi, alikuwa ameziba kinywa kwa mikono miwili. Mjane alikuwa amesimama, ameshikilia kiti kitupu kwa nyuma.

"Mbona mmeniacha naongea peke yangu?" mama aliuliza.

Sajini alifunga daftari.

"Baba mpelelezi. Nimesema vibaya?"

Kobe alikuwa amefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Alishawaambia watu kwamba mume amekufa, kwamba mtoto ameonekana mtoni, kwamba mwizi ni ndugu yao. Mara zote alikuwa anasema haraka, maana kuchelewesha ni kutesa. Safari hii alitamani kobe ambaye alipewa jina lake angemwazima gamba. Aliona njia mbili, na zote zilipita juu ya mwanamke huyu. Akinyamaza, saa nane faili linaondoka na mtoto wake aliyebaki. Akisema, ndiyo atakuwa amesema.

"Mama," alisema, "ile sumu haikutiwa na mtu."

"Haikutiwa?"

"Ilizaliwa humohumo. Kitunguu saumu kikikaa ndani ya mafuta, kwenye joto, siku nyingi, kinatengeneza sumu. Huioni, huisikii kwa pua. Ndiyo maana binti yako alikuwa anazitupa. Ndiyo maana ya friji."

Mama alimsikiliza kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Alitikisa kichwa kidogo, ndiyo, ndiyo, akifuata. Halafu Kobe akaona anavyofika. Macho yake yalikwenda kwenye kile kibakuli kitupu, yakakaa hapo.

"Juu ya oveni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ni mimi."

"Hukujua."

"Ni mimi nilimwekea kingi." Akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama ndani na nje, kisha akaanza kuupiga kwenye ukingo wa meza, si kwa nguvu, polepole, tena na tena, mpaka mjomba alipouwahi akaukumbatia kifuani mwake akilia kwa sauti. Yeye mwenyewe hakulia. Alikuwa anasema neno moja tu, jina la utotoni la mwanawe, jina ambalo hata mke wa kijana hakuwahi kulisikia.

Mjane alisema kitu wakati huo, akiongea na kile kiti kitupu. "Tulivyofika nyumbani aliniambia. Alisema, mama bado ananitengea, mwenzangu, uone nilivyo mzee. Alikuwa anafurahi." Akazunguka meza, akampita mama mkwe wake bila kumgusa, akatoka nje. Wakasikia kilio chake kibarazani, kirefu, na hakuna aliyesimama kumfuata kwa kuwa kila mmoja alikuwa na chake.

Kobe akampigia Mkuu. Alieleza kwa sentensi tano.

"Basi ni uzembe," alisema Mkuu. "Uzembe uliosababisha kifo. Mlete mama."

"Nitamleta aandikishe maelezo, kwa hiari yake. Mtuhumiwa wako ni wa kuachiwa saa hii hii."

"Kobe, sheria..."

"Mkuu, mwanasheria wa serikali ataamua, ndiyo kazi yake. Pingu mimi leo nimezisahau nyumbani." Na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akamkatia simu mkubwa wake.

Saa nane na robo walikuwa kituoni. Mama alikalishwa kwenye benchi la mapokezi, kaka yake upande mmoja, Sajini upande mwingine. Kobe akashuka mahabusu mwenyewe na ufunguo.

Mpishi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alipoona mlango unafunguliwa na hakuna karatasi mkononi mwa mpelelezi, alisimama taratibu.

"Unaachiwa," Kobe alimwambia.

"Kwa nini?"

"Tumejua chupa ile iliwekwa na nani."

Alidhani atamwona akishusha pumzi. Badala yake uso wa yule dada ulipoteza damu.

"Nani amekwambia?"

"Mama yako."

"Anajua alichokuwa anakisema?"

Kobe alichelewa kujibu, na kuchelewa kwenyewe kukawa jibu.

"Mlimwambia," alisema mpishi. "Mlimwambia! Siku ile ulipoiweka mbele yangu, niliona gundi, nikajua. Nani mwingine anabandua karatasi zangu? Nani mwingine anaokota nilichotupa? Nikasema basi, imekwisha. Mtoto mmoja amekwenda, mimi nitakwenda gerezani, lakini atabaki na kitu kimoja, hatajua. Ningekaa miaka thelathini, afande. Ningekaa bila kusema neno."

"Angekufa akiamini wewe ndiye uliyemuua mdogo wako."

"Na angeweza kuishi na hilo! Mimi angenichukia, angenilaani, angeishi. Hili la sasa ataliishi vipi?" Alikuwa anamlilia usoni, bila kujifuta. "Ulikuwa na kesi yako, una mtu wako, hujakosa kitu. Ulikuwa unatafuta nini tena?"

"Pole, dada."

"Pole yako kaa nayo."

Ni kweli alichosema, au nusu yake ni kweli, na Kobe hakujua ni nusu ipi. Aliinama, akaokota viatu vyake visivyo na kamba, akampa. Alisimama pembeni ya kaunta wakati askari wa zamu akimrudishia vitu vyake kimoja kimoja: aproni, saa ya mkononi, kibanio cha nywele. Dada alisaini kitabu. Hakusoma alichosaini. Kutoka pale kaunta mpaka kwenye benchi palikuwa na hatua labda kumi.

Mama alimwona, akasimama. Hakwenda mbele. Alikuwa ameificha mikono yake yote miwili chini ya mtandio, kama mtu aliyechafuka. Binti naye alisimama. Askari wa zamu aliacha kuandika, na mtu mmoja aliyekuja kuripoti baiskeli yake akasogea ukutani bila kuambiwa.

"Umekonda," alisema mama.

Binti alipiga hatua moja.

"Umeku..." Lilikuwa swali alilowauliza wanawe kila siku tangu wapate meno, wakitoka shule, wakitoka kazini, wakipiga simu toka ng'ambo, lilikuwa linamtoka lenyewe kama pumzi. Safari hii aliliuma katikati, akatoa mkono mmoja chini ya mtandio, akajiziba kinywa, akayumba.

Binti alimfikia kabla hajaanguka. Akamshika mabega, kisha akaushusha ule mkono kinywani, akaushika ndani ya mikono yake miwili, akaufungua vidole kimoja baada ya kingine.

"Sijala, mama," alisema. "Twende nyumbani ukanipikie."